Adabu ya Matumizi ya Lugha na Maandalizi ya Mwalimu wa Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari akimwambia mgeni Mwingereza "Open the window for me", hajakosea sarufi hata kidogo. Hata hivyo, mgeni huenda akahisi ameamriwa. Kilichokuwa akilini mwa mwanafunzi ni "Hebu nifungulie dirisha, kaka", sentensi ambayo upole wake umo katika neno hebu, katika jina la udugu na katika kiimbo. Vyote vitatu vimepotea njiani. Kiingereza huupitisha upole huo kwa njia nyingine: huuliza kama msikilizaji anaweza kufungua dirisha, swali ambalo likifasiriwa neno kwa neno laweza kumshangaza Mswahili.

Dell Hymes, katika makala yake ya 1972, alikwisha kueleza kwamba umilisi kama alivyouona Chomsky hautoshi. Mjuzi wa lugha hana budi kujua pia lini aseme, na nani, na kwa namna gani. Jenny Thomas, mwaka 1983, aliongeza tofauti ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kuwa somo la kwanza katika vyuo vya ualimu. Yapo makosa ya kutumia umbo lisilobeba nia ya msemaji, kama la dirisha hapo juu. Yapo pia yale yatokanayo na kupima uhusiano kwa mizani ya jamii nyingine: nani ni mkubwa, ombi lipi ni zito, jambo lipi huulizwa. La kwanza hurekebishika kwa mazoezi. La pili hugusa maadili ya mtu, na kalamu nyekundu haina mamlaka juu yake. Mwalimu hulieleza tu, kisha humwachia mwanafunzi achague.

Je, walimu huyaona makosa haya? Mwaka 1998 Bardovi-Harlig na Dörnyei walichapisha utafiti uliotumia video za mazungumzo. Waliojifunza na kufundisha Kiingereza nchini Hungary waliona makosa ya sarufi kuwa mazito zaidi. Wale wa Marekani waliona kinyume. Lakini utafiti wa Niezgoda na Röver wa 2001, uliohusisha wanafunzi teule wa chuo kikuu katika Jamhuri ya Czech, haukutoa picha hiyohiyo. Mazingira pekee, basi, hayaamui.

Ndipo tunapofika kwenye maandalizi. Mwalimu mtarajiwa wa Tanzania hujifunza nyakati za vitenzi kwa kina, ilhali kuomba, kukataa na kuomba radhi hupewa orodha ya misemo ya kukariri. Orodha haisaidii. Afadhali akusanye kwanza maombi ya Kiswahili kama yasemwavyo sokoni, nyumbani na ofisini, ayachambue, kisha ayalinganishe na ya Kiingereza. Asiyetambua kazi ya "naomba" katika lugha yake hawezi kueleza kwa nini tafsiri yake sisisi huwa nzito mno.

Tuchukue "pole". Wengi wetu husema "sorry" kwa mtu aliyejikwaa, na mgeni hujibu kwamba kosa si letu. Sioni sababu ya kuliita hilo kosa, kwa kuwa katika Kiingereza cha Afrika Mashariki ni matumizi yaliyokwisha kuzoeleka. Mwalimu aliyeandaliwa vyema hataifuta "sorry" hiyo daftarini; atamwonyesha mwanafunzi ni msikilizaji yupi ataielewa kuwa pole, na yupi ataisikia kuwa kukiri hatia.