Msanifu Aliyerudi kwenye Chokaa

Katika miaka ya 1970, serikali ya Pakistan ilipomwagiza Yasmeen Lari kuchora nyumba za watu wa kipato kidogo katika mtaa wa Angoori Bagh, mjini Lahore, alikwenda kwanza kuzungumza na wanawake watakaohamia humo, nao wakamuuliza suali ambalo hakufundishwa kulijibu alikosomea, huko Oxford: je, kuku wetu watakaa wapi? Basi akazichora nyumba za matofali zenye sakafu za wazi juu kwa juu, ili kuku wapate pa kufugwa na mboga pa kuoteshwa.

Bibi huyu, aliyezaliwa 1941, ndiye mwanamke wa kwanza nchini mwake kuishika kazi ya usanifu wa majengo. Kazi ambayo, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimamia ujenzi, haiishii karatasini, kwani mchoraji hana budi kupanda jukwaa, kuwaamuru waashi walio sawa na babake kwa umri, na kumwambia mkandarasi bila ya haya kwamba ukuta wake umepinda. Alifaulu. Aliijengea Karachi majumba makubwa ya zege na vioo, mojawapo likiwa makao ya shirika la mafuta la taifa, na mwaka 2000 akastaafu.

Tarehe 8 Oktoba 2005 zilzala ikapiga kaskazini mwa nchi, ikaua watu zaidi ya 70,000, wengi wao wakiwa wameangukiwa na dari na kuta za nyumba zao wenyewe. Bi Yasmeen, hali umri umekwisha pita sitini, akafunga safari kwenda milimani kuwasaidia waathiriwa kujenga upya kwa vitu vilivyokuwa miguuni pao, mawe, udongo, mbao na chokaa. Na ilimu ya majumba ya vioo haikumfaa sana huko.

Msomaji wa pwani hatastaajabia chokaa, maana nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimesimama kwa matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Pengine asilolijua ni hesabu yake: saruji hutaka moto wa nyuzi zipatazo 1,450, ilhali chokaa huiva kwa nyuzi 900 hivi, na ikiisha kupakwa ukutani huivuta tena, kadiri inavyogandamana, sehemu ya hewa ya ukaa iliyoitoa ilipochomwa. Udongo uliotiwa chokaa hauyeyuki upesi mvuani, na mianzi iliyofungwa mshazari hupinda pasipo kuvunjika. Gharika ya 2010 ilipowafikia watu wapatao milioni 20, hivyo ndivyo alivyojengea.

Mwaka 2023 Waingereza walimpa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya usanifu. Mimi, lau ningeulizwa, ningemtunuku kwa jiko lake. Mwanamke wa kijijini aliyezoea kupika ameinama chini, moshi ukimwingia machoni na mafuriko yakilizoa jiko kila mara, sasa ana jukwaa la udongo na chokaa lililoinuliwa juu ya maji, lenye bomba la kutolea moshi, ambalo hulijenga mwenyewe. Wako waliofunzwa ambao huzunguka vijiji jirani wakiwajengea wenzao kwa ujira, na jiko likiisha kukauka, mwenye nyumba hulitia nakshi na rangi azipendazo, pasi na kumwuliza msanifu.