Kwa Nini Programu ya Utambulisho Ijaribiwe Kwanza



Bajeti ya mradi wa kompyuta inapofika mezani, fungu la majaribio huwa la kwanza kutiliwa shaka. Hoja inayotolewa ni kwamba fundi akishaandika programu, kazi imekwisha. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini fungu hilo libaki, hasa pale programu inapohusu utambulisho wa watu. Tutatumia mfano wa Keystone, kwa kuwa programu hiyo ni huria na maandishi yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma.

Keystone ni nini?

Keystone ni huduma ya utambulisho ya OpenStack, mfumo wa kuendesha kompyuta nyingi kwa pamoja ulioanzishwa mwaka 2010 na kampuni ya Rackspace na shirika la anga la Marekani, NASA. Kazi yake ni kama ya bawabu: humwuliza anayeingia jina na neno la siri, kisha humpa tokeni, yaani kibali cha muda. Programu iliyoandikwa kwa Python inaweza kuzungumza na bawabu huyo kupitia maktaba ya programu iitwayo python-keystoneclient. Maktaba hiyo hupeleka ombi kwenye API, yaani dirisha la huduma, na kurudisha jibu. Ikisoma jibu vibaya, aliyeondolewa kazini anaweza kuonekana bado ana ruhusa, au mtunza hazina akafungiwa nje siku ya kufunga hesabu.

Majaribio hupangwaje?

Kwanza, hutengwa mahali pa kujaribia. Zana iitwayo tox huandaa mazingira ya pekee ya Python, ili matokeo yasitegemee vitu vilivyomo kwenye kompyuta ya fundi mmoja.

Pili, huwekwa seva ya kuigiza, kwa mfano kwa kutumia requests-mock. Hapa mtandao hauhitajiki. Neno la siri likiwa sahihi, seva hiyo hujibu 201 na kutoa tokeni. Likiwa si sahihi, hujibu 401. Hujaribiwa pia tokeni iliyokwisha muda na seva isiyojibu kabisa. Kwa kila jibu, jaribio hukagua kama maktaba imefanya inavyopasa. Kwa kuwa kazi hii ni ya muda mfupi, fundi huweza kuirudia kila anapofanya badiliko.

Tatu, maktaba hujaribiwa kwenye seva halisi iliyotengwa kwa majaribio, kama ile inayosimikwa kwa DevStack. Hatua hii ni ya lazima, maana seva ya kuigiza husema yale tu iliyofundishwa. Mwaka 2018 Keystone iliondoa sehemu kubwa ya toleo la 2.0 la API na kubaki na toleo la 3. Majaribio ya kuigiza toleo la zamani peke yake yangeendelea kufaulu, huku maktaba ikibisha hodi kwenye mlango ambao haupo tena.

Katika hatua zote hizi, majina na maneno ya siri yawe ya kubuni. Orodha ya washarika isitumike kujaribia programu.

Kamati iulize nini?

Fundi anapowasilisha kazi, tunashauri kamati iulize maswali matatu. Je, majaribio yanaweza kurudiwa na fundi mwingine? Je, yanaonyesha asiye na ruhusa akikataliwa, au yanaonyesha tu mwenye ruhusa akiingia? Je, yaliendeshwa pia kwenye seva halisi ya majaribio?

Majibu yatolewe kwa maandishi na kuambatanishwa na taarifa ya mradi kabla ya malipo ya mwisho. Hivyo mfadhili ataona fedha yake imefanya nini, na msharika atajua taarifa zake zina ulinzi uliopimwa.