Mnyama Aliyefungwa Akishambulia Mtu
Somo: Kutoka 21:28-29

Tunaulizwa: mnyama wa pori aliyefungwa akimshika mtu, ni haki kumuua?

Mwaka 2016, katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, mtoto wa miaka 3 alipenya uzio akaangukia kwa gorila aitwaye Harambe. Gorila akamburuta majini. Sindano ya usingizi ingechelewa kufanya kazi, basi walinzi wakampiga risasi, mtoto akapona. Sisi tunasema walitenda haki, kwa sababu mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Lakini Torati haikuishia kwa mnyama. Ng'ombe akiua mtu, apigwe mawe; na kama mwenyewe alijua ukali wake asimzuie, yeye pia ana hatia. Gorila hakujifungia mwenyewe. Uzio ni kazi ya watu. Alipokwisha kufa, ndipo uzio ukaongezwa urefu.

Wewe uliyefunga nyani au mbwa mkali uani, na watoto wa jirani wanapita hapo, tengeneza kamba yako leo. Damu ikimwagika, Mungu hatamuuliza mnyama peke yake.

Bwana atupe hekima. Amina.