MAMA, CHAGUA MAPEMA MAHALI PA KUZALIA



Katika vijiji vyetu vya Nkwenda, akina mama wengi huzaa bila dawa ya kupunguza uchungu. Bibi zetu walizaa hivyo. Mama zetu walizaa hivyo. Si jambo la aibu.

Lakini wako akina mama wanaoogopa kuzalia kituoni au hospitali. Husema: "Nitalazwa chali. Nitatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu. Nitaongezewa njia. Afadhali nizalie nyumbani."

Hofu hiyo tuizungumze wazi. Kuzaa bila dawa ni jambo moja. Kuzaa mbali na dawa ni jambo jingine. La kwanza linawezekana. La pili ni hatari.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Haya ninayokuandikia ni mafundisho ya wataalamu wa afya.

KWA NINI DAWA IWE KARIBU?

Sababu kubwa ni damu. Mtoto akishatoka, mama anaweza kutokwa na damu nyingi. Damu hiyo inaweza kumwua katika saa chache. Humpata hata mama mwenye afya, aliyekwisha kuzaa salama mara tatu. Hakuna awezaye kujua mapema.

Kwa hiyo, mtoto akizaliwa tu, mkunga humchoma mama sindano ya kuzuia damu. Sindano hiyo haiongezi uchungu wa kuzaa, maana mtoto amekwisha kutoka. Mama, hata kama umezaa bila dawa nyingine yoyote, sindano hiyo usiikatae.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Waliohusika ni akina mama zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizojaribu njia mpya, wakunga walipima damu kwa mfuko wa plastiki wenye mistari. Damu ilipofika kwenye mstari wa hatari, walitoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja. Pale ambapo akina mama 10 wangepata shida kubwa ya damu, walipata 4 tu. Kazi kama hiyo haiwezi kufanyika jikoni kwa taa ya mkononi.

UENDE WAPI?

Kituo cha Afya cha Nkwenda kiko karibu nasi. Iko pia Hospitali ya Isingiro katika wilaya yetu ya Kyerwa, na Hospitali ya Nyakahanga wilayani Karagwe.

Kama mimba yako haina shida, kituo cha karibu kinaweza kukufaa. Lakini panga kuzalia hospitali kama:
– uliwahi kuzaa kwa kupasuliwa;
– uliwahi kutokwa na damu nyingi ulipozaa;
– una mimba ya mapacha, au mtoto amekaa vibaya;
– una shinikizo la damu;
– umekwisha kuzaa mara nyingi.

Mimba ya kwanza nayo inataka uangalifu. Mhudumu wa kliniki ndiye atakayekuambia mahali panapokufaa. Muulize.

ULIZA MASWALI HAYA

Anza kliniki mara ujuapo kwamba una mimba. Ukiwa huko, uliza bila woga:

1. Je, mkunga yupo usiku na mchana?
2. Je, naweza kuja na mtu wa kukaa nami wakati wa uchungu?
3. Je, nitaruhusiwa kutembea, kunywa maji na kula kidogo?
4. Je, naweza kuchuchumaa, kupiga magoti au kulala kwa ubavu?
5. Je, ni wakati gani mnatundika dripu ya uchungu? Je, mtanieleza kwanza?
6. Je, sindano ya kuzuia damu ipo? Damu ya kuongezewa ipo? Upasuaji unafanyika?
7. Je, nije na vitu gani?

Maswali haya si ukaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Linasema mama awe na mwenzake amtakaye. Atembee na akae apendavyo. Asiongezewe njia kama desturi tu. Tena, njia ikifunguka polepole, hiyo peke yake si sababu ya kumharakisha, kama mama na mtoto wako salama.

Ukijibiwa kwa heshima, hapo pana dalili njema. Ukifokewa, uliza mahali pengine mapema. Uchungu ukikwisha kuanza, hakuna nafasi ya kuchagua.

DAWA ZA KIENYEJI

Usinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Haina kipimo. Inaweza kukaza tumbo la uzazi mno, likapasuka. Wengine huikimbia dripu ya hospitali, kisha hunywa kikombe kilicho kikali kuliko dripu.

Mkunga wa jadi ni mzee wetu. Tumheshimu. Mwombe akusindikize kituoni, akushike mkono na kukusugua mgongo. Kazi hiyo anaijua vizuri.

NAWE BABA

Mtoto hangoji kahawa iive. Weka akiba kidogo kidogo tangu mwanzo wa mimba. Patana mapema na mwenye pikipiki au gari. Kumbuka matope ya masika. Kama mnakaa mbali, mama asogee kwa ndugu aliye karibu na hospitali kabla siku hazijatimia.

Ikitokea hatari, piga simu namba 115. Haina malipo. Ni ya mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Mwaka 2022 mpango huo ulianza kuenezwa nchi nzima.

Hatari ni hizi: kutokwa na damu, degedege, kuumwa sana kichwa, kuona giza, homa kali, maji kutoka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Usingoje asubuhi.

SOMA KADI YAKO

Mama, zamani kadi ya kliniki ilisomwa na nesi peke yake. Leo wewe unajua kusoma. Ifungue. Tazama tarehe ya kujifungua. Tazama kipimo cha damu. Tazama mahali uliposhauriwa kuzalia. Usipoelewa neno, uliza maana yake.

Kisha chukua kalamu. Katika daftari lako andika mambo manne: mahali utakapozalia, mtu atakayekaa nawe, chombo cha safari, na namba 115. Msomee mumeo. Msomee na mama mkwe. Daftari hilo liweke pamoja na kadi, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kulipata hata usiku.