Minyoo Fundo na Uyoga Mamama

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, au wa viazi wa Umalila, Mbeya, aonapo mimea ikinyauka mchana ijapokuwa udongo una maji, hulaumu jua au huongeza mbolea bure. Yafaa kwanza ang'oe shina moja na kuosha mizizi. Vinundu visivyobanduka kwa kidole ni alama ya minyoo fundo, midogo isiyoonekana kwa macho. (Vinundu vya maharagwe hubanduka upesi, hivyo huurutubisha udongo, viachwe.)

Uyoga mamama hula minyoo. Mwaka 1984 Thorn na Barron, wataalamu wa Kanada, walieleza kwamba utando wake mweupe huilemaza minyoo midogo iugusapo, kisha huingia mwilini mwake na kuila. Magogo na mabua yana naitrojeni haba, basi uyoga huitafuta kwa minyoo.

Kwa hiyo mwenye kuotesha uyoga huo katika mabua asitupe masalio. Ayafukie shambani kabla ya kupanda. Walakini hupunguza minyoo ya udongoni tu. Iliyokwisha kuingia mizizini haifikiwi. Mizizi yenye vinundu sharti ing'olewe na kuchomwa moto mara baada ya mavuno.