Ugumba, Tiba Zake na Msamiati Unaotupotosha

Makala haya yanadhamiria kulinganisha njia tatu za kitabibu zinazowasaidia wanandoa waliokosa kupata mimba, na wakati uo huo kuonyesha jinsi msamiati wetu unavyoweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyomfaa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa pana ugumba ikiwa mimba haijatungwa baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na hali hiyo maishani mwake.

Tuanze na lugha. Neno 'tasa' aghalabu husemwa juu ya mwanamke. 'Hanithi' humtaja mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Baina ya maneno hayo ameachwa mtu mmoja: mwanamume mwenye nguvu zake zote ambaye manii yake hayana mbegu za kutosha, au mbegu zenyewe ni dhaifu. Huyu si hanithi, wala jamii haimwiti tasa. Kwa kuwa hana jina, hatafutwi. Mkewe ndiye anayezungushwa hospitalini na kwa waganga miaka nenda miaka rudi, pengine hata kurudishwa kwao, ilhali kipimo cha manii ni chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa yeye. 'Mgumba' halibagui jinsia, nalo ndilo tunalolipendekeza, ingawa masikioni mwa wengi lina ukali wake.

Hali ni iyo hiyo tukija kwenye tiba. Mitaani tiba zote huitwa 'kupandikiza mbegu', na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Iliyo nyepesi na nafuu zaidi ni uhimilishaji, neno ambalo wafugaji wa ng'ombe nchini Tanzania wamelizoea. Manii husafishwa maabarani, kisha mbegu zenye nguvu hutiwa katika mji wa mimba kwa mpira mwembamba wakati yai linapopevuka. Yanayofuata hutendeka mwilini: sharti mbegu zipande hadi kwenye mrija na kulikuta yai. Basi mwanamke ambaye mirija yake yote miwili imeziba hafaidiki hata akirudia mara kumi. Barani Afrika, kuziba huko, mara nyingi kutokana na maambukizi kama vile kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema, ni miongoni mwa visababishi vikuu vya ugumba.

Utungishaji wa nje ya mwili ulibuniwa hasa kwa ajili ya mwanamke huyo. Mamake Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hii, nchini Uingereza tarehe 25 Julai 1978, alikuwa na mirija iliyoziba. Siku hizi mwanamke hudungwa homoni ili mayai kadhaa yapevuke pamoja. Hutolewa kwa sindano, hukutanishwa na mbegu katika kisahani, na kiinitete hutiwa katika mji wa mimba baada ya siku 3 hadi 5. Wanaosema 'mtoto wa chupa' wanakosea: hakuna mtoto akuaye chupani. Jijini Nairobi, watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Mei 2006.

Njia ya tatu hutofautiana na ya pili kwa hatua moja tu: mbegu moja huteuliwa na kudungwa ndani ya yai chini ya hadubini. Ilitangazwa Brussels mwaka 1992, nayo ndiyo iliyomfungulia mlango yule mwanamume asiye na jina. Hata hivyo, ubora wake usitiwe chumvi. Mbegu za mume zikiwa timamu, haiongezi uwezekano wa kupata mtoto, huongeza gharama.

Kuna jambo moja lisiloshindwa na yoyote kati ya tiba hizi, nalo ni umri wa yai. Uwezekano wa kufaulu hushuka baada ya miaka 35, na kwa kasi zaidi baada ya 40, isipokuwa litumike yai la mwanamke mwingine aliye mdogo. Mke aliyeanza kutafuta mtoto akiwa na miaka 32, akazungushwa miaka minane kabla mumewe hajakubali kupimwa, hufika kliniki akiwa na 40, na hatozwi nusu ya bei.