Tusisubiri Mwaliko wa Oslo

Wapenzi wa kandanda wangefaidika sana lau wangetofautisha maneno mawili: goli na lengo. Goli hufungwa, vifijo vikapigwa, kisha likasahaulika. Lengo ndilo linalowarejesha wachezaji uwanjani kesho yake, hata waliposhindwa. Nililitafakari jambo hili majuzi nilipopita Laini Saba, Kibera, nikawakuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi kando ya reli. Mmoja wao, aliyekuwa bado na sare ya shule, aliniuliza: “Mwalimu, ni kweli kuna watoto wa Nairobi waliopanda ndege kwenda Ulaya kucheza mpira?”

Ni kweli, na historia ya safari hizo ina mafunzo kwa walimu na wanafunzi. Mashindano ya Norway Cup yalianza mwaka 1972 mjini Oslo. Hayakuanzishwa na serikali wala na wakuu wa soka duniani, bali na klabu ya mtaa, Bækkelagets Sportsklubb. Tangu hapo, majira ya kiangazi yawadiapo, uwanda wa Ekeberg hufurika chipukizi, na kwa miaka mingi timu zinazoshiriki zimepita 1,000. Janga la korona liliyasimamisha mwaka 2020, lakini hatimaye yakarejea. La kuzingatia zaidi ni kwamba wasichana walicheza tangu mwaka wa kwanza, ilhali shirikisho la kandanda la Norwe lilikuja kuutambua mchezo wa wanawake mwaka 1976. Waanzilishi wake hawakungoja ruhusa ya wakubwa ili watende lililo haki.

Huku kwetu, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kiliasisiwa mwaka 1987 kwa juhudi za Bob Munro, raia wa Kanada, pamoja na vijana wa mtaa huo. Kanuni yake ilikuwa nyepesi lakini nzito kwa maana: timu iliyojitokeza kuzoa taka mtaani iliongezewa alama katika msimamo wa ligi. Mabao pekee hayakutosha kumpa mtu ubingwa. Chipukizi wa chama hicho ndio waliokwenda Oslo katika miaka ya 1990, wakacheza na wenzao wa mataifa mengine na kurudi na vikombe.

Kibera nayo haikulala. Mwaka 2001, Salim Mohamed, muuguzi Tabitha Festo na Mmarekani Rye Barcott walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Ligi yake iliunganisha kandanda na usafi, ikasisitiza pia kwamba timu ziwe na wachezaji wa makabila mbalimbali. Asiyeona uzito wa sharti hilo na akumbuke Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipotanda Kibera, vyuma vya reli hii hii viling'olewa, na majirani waliochotea maji mfereji mmoja wakakimbiana. Sidai kwamba mpira ungeyazuia hayo. Nasema tu kwamba ni vigumu zaidi kumrushia jiwe mtu uliyempa pasi jana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoipima michezo ya vijana kwa tiketi za ndege. Anayechaguliwa kusafiri ni mmoja. Wanaobaki ni mamia. Tukimfundisha mtoto kwamba thamani ya mchezo iko Oslo, tutakuwa tumewaambia hao mamia kwamba jasho lao ni bure. Tumeiga safari tukasahau chanzo chake: klabu moja ya mtaa iliyoamua kuwaalika majirani.

Yamkini mwalimu mmoja atauliza: viwanja viko wapi, na fedha zitatoka wapi? Ni maswali ya haki. Viwanja ni haba, na kila kipande cha ardhi kinanyemelewa. Hata hivyo, uwanja usiotumiwa na watu wengi ndio unaonyakuliwa upesi. Shule za Laini Saba na za Kawangware zinaweza kukubaliana kuhusu wiki moja ya likizo kila mwaka, wavulana na wasichana kwa idadi sawa, timu zenye mchanganyiko wa makabila, na alama za usafi zihesabiwe pamoja na mabao. Wanafunzi wenyewe wawe makatibu, waandike kwa Kiswahili sanifu nani alicheza, nani alishinda, na mtaa gani ulisafishwa. Historia ya Oslo tunaijua kwa sababu iliandikwa. Ya kwetu tukiiacha midomoni, itazikwa na wazee.

Nilimjibu mtoto yule kwamba ndiyo, walikwenda. Akanitazama kidogo, kisha akauliza: “Na wao watakuja lini kucheza hapa?” Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nawaachia walimu wenzangu.